Maziwa Yasiyopita Motoni

Mwikali mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga rafiki yako Hafsa na mama yake, na najua hamtamaliza maneno kabla ya magharibi. Mama yako yuko jikoni anakukaangia nyama ya kubeba njiani. Mimi nimekaa hapa barazani na kalamu, na bado nina hasira. Nakuambia mapema ili usisome ukidhani nimetulia. Sijatulia.

Habari za kufunga sanduku na kupiga simu ukifika namwachia mama yako, ambaye ameshazisema mara nne tangu asubuhi. Mimi nataka tuzungumze juu ya maziwa, maana juzi tulishindwa kuzungumza.

Juzi ulikaa mezani ukatueleza kazi yako mpya na uso unang'aa. Nami nilifurahi, usifikiri sikufurahi. Tangu umalize diploma ya lishe nimekuona ukizunguka na ile bahasha yako ya vyeti kutoka ofisi hadi ofisi hapa Garissa, ukaenda mpaka Dadaab kwa mashirika, ukarudi na vumbi na ahadi. Sasa wamekuchukua huko Laikipia, kwenye nyumba ya mapumziko ambako watu wanakaa siku kumi wasile chochote kilichopita motoni. Matunda, majani, njugu zilizolowekwa, mbegu zilizochipuzwa. Nikasema sawa. Mtu akila papai na kachumbari siku kumi hajamkosea mtu yeyote.

Kisha ukafika kwenye maziwa. Ukasema hao walaji wa vibichi wamegawanyika. Wengine wanasema maziwa ni ya ndama na mtu mzima hana kazi nayo. Wengine wanasema maziwa ni chakula kilicho hai kuliko vyote, mradi tu yasiguswe na moto. Ukasema bosi wako alikuwa upande wa kwanza, lakini mwaka huu amehamia upande wa pili, na maziwa aliyoyachagua ni ya ngamia, na ndiyo maana alipoona kwenye barua yako ya maombi kwamba umekulia Garissa hakutafuta mtu mwingine. Kazi yako itakuwa kupokea maziwa kila asubuhi, kuyachuja, kuyatia kwenye chupa, na kuwaeleza wageni faida zake.

Mama yako akauliza, "Na unayachemshia wapi?"

Ukacheka. Ukasema, "Mama, maziwa yakichemshwa yanakufa. Ukiyachemsha unaua kila kitu kizuri kilichomo."

Hapo ndipo nilipopiga meza, chai ikamwagika, nikasema huendi popote. Ukanijibu, na ulikuwa na haki ya kunijibu: "Baba, usinifokee kama mtoto wa darasa la tatu. Nipe sababu, usinipe kelele."

Nilikuwa nayo sababu. Ila badala ya kuisema niliinuka nikatoka nje. Bila shaka ulidhani ni yule afisa wa afya mstaafu anayependa sheria zake. Sivyo. Hayo maneno ya maziwa kufa uliyoyasema, mwanangu, niliyasema mimi, karibu neno kwa neno, nikimwambia mama yako, tukiwa Wajir, kabla wewe hujazaliwa. Leo nitakuambia yalifanya nini.

Nilipelekwa Wajir nikiwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimetoka Mwingi, nimemaliza chuo, nimepewa koti jeupe, na hakuna mtu hatari kama kijana aliyepewa koti jeupe. Mwezi wa pili tu nilisimama sokoni nikikagua vyakula. Akaja mama mmoja na punda, madumu mawili ya maziwa ya ngamia mgongoni mwa punda huyo. Aliitwa Dekha. Wakati huo sikujua jina lake, kwa sababu sikumuuliza. Nilifungua dumu, nikanusa, nikasikia harufu ya moshi. Sikujua kwamba wao huyafukiza madumu kwa makaa ya mti fulani ili maziwa yakae. Nilidhani ni uchafu. Nikayamwaga mchangani yote mawili, watu wanatazama.

Hakupiga kelele. Alisimama tu akiangalia mchanga unavyonywa, kisha akaniambia kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Wewe kijana, hukubima, hukuonja, hukuuliza. Umemwaga tu. Mtoto ya watu alikuwa anangoja hiyo."

Nikamjibu kwamba sheria inaniruhusu. Na kweli ilikuwa inaniruhusu. Mpaka leo naona aibu kwamba nilikuwa na ruhusa.

Miezi michache baadaye gari letu la kazi likafa kati ya Wajir na Habaswein. Dereva alikwenda kwa miguu kutafuta msaada, mimi nikabaki na gari, na maji yakaniishia siku hiyo hiyo. Kesho yake kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeanza kuona vitu visivyokuwepo. Mzee mmoja aliyekuwa na ngamia zake akanikuta. Hakuniuliza mimi ni nani. Alimkamua ngamia pale pale, akanipa chombo kimejaa povu, maziwa bado ya moto wa mwili wa mnyama, akaniita ami kwa lugha yake: "Kunywa, adeer, kunywa bole bole." Nikanywa. Mwikali, sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile na sitakunywa tena.

Naeleza haya ili uelewe nilivyogeuka. Nilirudi mjini nikijiona mpumbavu. Nilikuwa nimewamwagia watu chakula chao, na watu hao hao wameniokoa nacho. Aibu ile ilipaswa kunifundisha kuuliza na kupima. Badala yake nikaruka kutoka ukuta mmoja hadi ukuta wa pili. Nikaanza kusema wafugaji wanajua kila kitu na sisi wa chuo hatujui lolote. Nikaacha kuchemsha maziwa. Nikawaambia wenzangu ofisini, nikawaambia walimu wa kutoka bara tuliokuwa tukikaa nao, kwamba maziwa ya ngamia mabichi ni dawa. Walinisikiliza kwa sababu ya lile koti.

Ndiyo maana nakasirika na bosi wako. Nimeziona video zake, ulinionyesha mwenyewe. Anasimama mbele ya ngamia na kilemba kichwani, anasema wafugaji wa kaskazini wamekunywa mabichi vizazi na vizazi na hawaugui. Nani alimwambia hawaugui? Amelala wapi huku? Mimi nimefanya kazi huku miaka yangu yote. Nimewaona wanaume wenye nguvu hawawezi kuinuka mkekani kwa maumivu ya mgongo. Nimewaona akina mama wanaotoka jasho na kutetemeka, homa inakuja inaondoka, inakuja inaondoka, wananunua dawa za malaria dukani mwezi baada ya mwezi. Wanaugua, mwanangu. Wanaugua mbali na kamera. Na huyo bosi wako, mama wa video, anayesema anawaheshimu, hajawahi kuwauliza hata swali moja. Amechukua maziwa yao na kuacha homa yao.

Narudi Wajir.

Mama yako alikuja kukaa nami mwaka huo. Tulikuwa tumeoana karibuni, na alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Kwao hakuna mtu anayekunywa maziwa bila kuyachemsha, hata ndoto hiyo hawana. Siku ya kwanza aliweka sufuria jikoni, akamimina maziwa ya ngamia, akawasha jiko la mafuta. Nikauzima moto mwenyewe. Nikamwambia, "Yakichemshwa yanakufa. Ukiyachemsha unaua kila kitu kizuri kilichomo."

Akasema, "Lakini hata hatujui huyo ngamia ni mzima."

Nikamwambia yeye ni mgeni, mimi ndiye ninayeijua kazi ya afya.

Akanywa.

Mimba ilipofika miezi mitano alianza homa. Jioni jasho linamtoka, asubuhi yuko baridi, viungo vinamuuma hata kushika kikombe ni kazi. Nilimpeleka kwenye zahanati, wakasema malaria. Akameza dawa, akapata nafuu siku nne, homa ikarudi. Wakasema malaria tena. Mara ya tatu wakasema homa ya matumbo. Na mimi, wakati wote huo, unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namwongezea maziwa. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Nilimwinua kichwa mwenyewe, nikamshikia kikombe mdomoni, nikamwambia amalize apate nguvu.

Mtoto alitoka akiwa hajatimiza miezi sita. Alikuwa mvulana. Ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya jua kali, na hakulia.

Ulikuwa unajua kwamba ulikuwa na kaka. Tulikuambia ulipokuwa mdogo, tukasema alikuja mapema. Hatukukuambia kwa nini, na mimi ndiye niliyemwomba mama yako asikuambie.

Kesho yake hospitalini alikuja muuguzi mmoja, Nuria, msichana wa Kiborana, pengine alikuwa na umri kama wako sasa. Alisoma karatasi zote, akakaa kitandani kando ya mama yako, akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuuliza. "Dada, maziwa mnakunywa vipi huko nyumbani?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilijua jibu.

Mama yako akasema, "Mabichi. Mume wangu anafanya kazi ya afya, anajua."

Nuria alinitazama. Kisha akaenda kuleta sindano ya kutoa damu. Wakatupima sote wawili na sote wawili tulikuwa nayo, ule ugonjwa wa brusela ambao unasoma kwenye vitabu vyako, unaoambukizwa na wanyama kupitia maziwa. Mwilini mwangu ulikuwa umelala kimya. Kwa mama yako haukulala. Tulipewa vidonge vya wiki sita. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ndio uliomtoa mtoto, lakini alisema pia kwamba jambo hilo linajulikana, na kama angekuwa ni mimi asingetafuta sababu nyingine mbali.

Tuliporudi nyumbani mama yako alishinda siku tatu kitandani, akiamka kumeza vidonge tu. Siku ya nne, tukiwa tunakunywa chai ya rangi, akaniuliza, "Ulijua kwamba hayana ugonjwa?"

Nikasema, "Sikujua."

"Basi kwa nini ulisema kama mtu anayejua?"

Nimepewa barua za kuonywa kazini, nimesemwa na wakubwa, nimetukanwa sokoni. Hakuna swali lililowahi kunikata kama hilo. Niliipenda ile sauti yangu, nadhani. Niliipenda sauti ya mtu aliyegundua jambo ambalo wengine hawalijui. Nakuomba uichunguze sauti hiyo ndani yako, kwa sababu juzi mezani niliisikia, na nilijua umeirithi kwa nani.

Baada ya hapo nilimtafuta Dekha. Ilinichukua muda kumpata kwa sababu alikuwa akiniona mbali anageuza punda wake. Mwishowe nilikwenda mpaka nyumbani kwake, nikavua viatu, nikamwambia nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni kuomba msamaha kwa maziwa niliyomwaga. La pili ni kumwomba ayachemshe anayouza.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwanza unamwaga. Halafu nasikia unasema mabichi ni dawa. Leo unasema chemsha. Wewe afisa, kesho utasema nini?"

Nikamwambia habari za mtoto.

Akaacha kucheka. Akasema, "Mimi nimezika wawili hawakufika siku yao. Hakuna mtu alinieleza."

Nilikuwa na koti, nilikuwa na chuo, nilikuwa na sheria ya kumwaga, na katika miezi yote ile hakuna mtu wa ofisi yetu, nikiwemo mimi, aliyewahi kukaa chini na mama huyu akamweleza. Tulijua kumwaga tu. Hilo nalo linanitia hasira, nalo ni letu wenyewe, bosi wako hana hatia humo.

Dekha hakunikubalia siku hiyo. Alisema maziwa ya ngamia yakichemshwa yanashika chini, yananuka, na hakuna mteja atakayeyagusa. Alisema kweli. Tulijaribu, yakaungua, tukayamwaga. Tukajaribu tena. Yeye ndiye aliyepata njia: aliweka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, akakaa anakoroga mpaka yakafura. Hayakuungua. Wateja wake bado hawakuyataka. Siku moja akaniambia, "Maziwa yako ya kuchemsha hakuna mtu anataka. Lakini chai kila mtu anataka." Akaanza kuuza chai sokoni, chai nzito ya maziwa ya ngamia yenye iliki na tangawizi, na watu wale wale waliokataa maziwa yaliyopikwa wakawa wanapanga foleni kuyanywa yakiwa yamepikwa na majani na sukari. Na yale ya kugandisha, ile suusa unayoipenda, aliyachemsha kwanza, akayaacha yapoe, ndipo akatia kijiko cha suusa ya jana. Ladha ni ile ile. Wewe mwenyewe umeinywa utoto wako wote na hukuwahi kuniambia imekufa.

Hakuna hata mmoja kati yetu, mimi wala wewe, aliyeyapata hayo chuoni. Aliyapata mtu niliyemdharau mara mbili: mara ya kwanza nilipomwona mchafu, mara ya pili nilipomwona mtakatifu. Alikuwa mfanyabiashara mwenye akili, anayehitaji kuelezwa ukweli kama mtu mwingine yeyote.

Sasa unaniuliza, Baba, je, maziwa yana nafasi kwenye meza ya vyakula vibichi? Nitakujibu, ingawa najua wewe una diploma ya mambo haya na mimi ni mzee wa kukagua buchari.

Wale wanaosema maziwa si chakula cha mtu, waje Wajir mwaka wa kiangazi. Wasimame mbele ya mama ambaye kitu pekee kilichobaki nyumbani ni ngamia mmoja anayenyonyesha, wamwambie maziwa ni ya ndama. Nataka niwepo nisikie atakavyowajibu. Upande huo siutaki.

Na hawa wa upande wa pili, kina bosi wako, ndio wabaya zaidi, kwa sababu wanajua kuna swali na wamelifunika. Kama kanuni ya nyumba yenu ni kwamba hakuna kitu kinachopita motoni, basi maziwa yasiingie, kwisha. Watu wajilie njugu zao. Na kama wanayataka maziwa, wayachemshe, na waseme wazi kwamba kwenye meza hii kuna kitu kimoja kilichopikwa. Kuna aibu gani kuwa na sufuria moja motoni? Nani atakufa kwa sababu orodha ya vyakula haikukaa sawasawa? Wamegeuza chakula kuwa dini, wakaona ni afadhali mtu augue kuliko kanuni ipinde.

Ulisema wageni ni watu wazima na wanajichagulia. Vizuri. Lakini ulisema pia, ukanywa chai yako kana kwamba umesema jambo dogo, kwamba wapo wanaokuja na watoto. Ulisema yupo mama anayekuja kila mwezi na mwanawe asiyesema, ana miaka sita, kwa sababu kwenye video ameambiwa maziwa ya ngamia mabichi yatamfungua kinywa. Mwikali. Mama huyo atakutazama wewe. Utakuwa umevaa aproni nyeupe, utakuwa na diploma, utakuwa msichana wa Garissa aliyekulia kwenye ngamia. Atakuuliza, "Ni salama?" Na chochote utakachosema, ataamini. Atamwinua mtoto kichwa na kumshikia kikombe.

Nikiyafikiria hayo naikandamiza kalamu. Utaona mwandiko ulivyoharibika hapa.

Sikukatazi kwenda. Juzi nilisema huendi, leo nimeliondoa neno hilo. Wewe ni mtu mzima na umeitafuta kazi kwa jasho lako. Lakini nenda ukijua kwamba kile chumba cha maziwa watakachokupa si chumba cha kuoshea chupa tu. Unaweza ukamwambia bosi wako siku ya kwanza kwamba hutamimina maziwa ambayo hayajachemshwa. Anaweza akakufukuza siku hiyo hiyo. Ukifukuzwa, rudi. Hakuna atakayekuuliza kitu hapa nyumbani, na kama jirani atauliza, mimi ndiye nitakayemjibu.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kumaliza, mama yako akaja kukaa. Alikuwa ameshika kitambaa cha mezani, mikono ina mafuta. Akaniuliza naandika nini muda wote huo. Nikampa karatasi. Alisoma yote polepole, miwani imemshukia puani, na mimi nilikuwa natazama tuktuk zinazopita barabarani ili nisimtazame yeye.

Alipomaliza akasema, "Umeandika vizuri. Lakini kuna kitu hukijui."

Nikamwambia aseme.

"Nilikuwa nachemsha. Ukitoka kwenda kazini nilikuwa nayachemsha, nakunywa yaliyochemshwa, naosha sufuria, naianika kabla hujarudi. Mabichi nilikuwa nakunywa asubuhi na jioni na siku za mapumziko, ukiwa nyumbani, ukiwa unanitazama."

Mwikali, tumeishi nyumba moja miaka thelathini na mbili tangu siku hizo. Tumelala kitanda kimoja. Sikuwa najua mpaka leo hii, dakika chache zilizopita.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wakati ule ungefoka. Halafu baadaye ungekufa kwa uchungu. Sikuona siku nzuri ya kukuambia." Akajifuta mikono kwa kile kitambaa, akaendelea. "Mimi sikuwa mjinga. Nilijua la kufanya. Nililifanya nikiwa peke yangu, na nikiwa na mtu nikaliacha. Mwandikie hilo. Hayo mengine ya ngamia atayasoma kwenye vitabu."

Amerudi jikoni sasa. Nasikia anaimba kwa sauti ya chini, sijui kama ni wimbo wa kanisani au ni kitu anachojitungia tu. Hasira niliyoanza nayo bado ipo, lakini imehama. Haimwelekei tena mama wa video wala wewe. Imekaa pale kwenye jiko letu la mafuta la Wajir, inamtazama kijana aliyevaa koti jeupe na kikombe mkononi, na msichana wa miaka ishirini na mbili aliyejua, na aliyekuwa akisubiri atoke mlangoni.

Sina neno kubwa kuliko lake la kukupa. Utakwenda kwenye nyumba hiyo nawe ukiwa unajua. Utakuwa peke yako kwenye chumba chako jioni, na hapo kuchemsha ni rahisi. Lakini asubuhi watakuwepo, bosi wako na kilemba chake, wageni na simu zao juu wakikupiga picha, na yule mama na mwanawe. Mwanangu, chemsha wakiwa wanakutazama.

Ni mimi baba yako, niliyekukosea kwa kelele juzi, na ninayekupenda kuliko nilivyojua kusema.